Uchovu wa mashine na ule mwingine

Desemba iliyopita ukoo wetu wote ulipanda Kibosho, kijijini kwetu mlimani Kilimanjaro, kama kila mwaka. Mimi nilibaki Majengo, huku mjini. Niliwaambia nina mashine Ijumaa, ile ya kusafisha damu figo zikishindwa, na hakuna aliyebisha, maana mtu akitaja mashine wote hunyamaza. Lakini Krismasi ilikuwa Alhamisi. Ningeweza kupanda asubuhi, nikashuka jioni. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona mtu. Nilifunga mapazia nikasikiliza kengele za kanisa mpaka zikanyamaza.

Nasafisha damu mwaka wa tatu sasa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila mara masaa 4. Kazi yangu ni ufundi cherehani. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa mashine na wanaowauguza, kwa sababu mimi nilikaa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, karibu mwaka mzima nikiiita figo.

Ni rahisi sana kuchanganya. Figo zikishindwa, mtu huchoka, hamu ya kula hupotea, usingizi hukatika. Sonona nayo huleta hayohayo. Kwa hiyo nyumbani wakiona umelala tu wanasema "mwache, ni ugonjwa", na wewe mwenyewe unakubali. Kwangu tofauti niliiona hivi: uchovu wa mashine una mwisho. Jumatatu nikitoka nalala kama gogo, na Jumanne asubuhi naweza kufagia uwanja. Ule mwingine ulinikuta Jumanne, ukanikuta Alhamisi, ukanikuta Jumapili.

Mdogo wangu aliniletea kitenge cha sare ya harusi, akaniambia, "Dada, mshono chagua mwenyewe." Kilikaa juu ya cherehani wiki 3 bila kufunguliwa. Nilikuwa napita, nakiona, sisikii chochote moyoni. Zamani nilikuwa siwezi kushika kitambaa kipya bila kukitandaza mezani palepale. Kama kuna kitu ulikuwa unakipenda na sasa hata ukiletewa mkononi hakikugusi, usisingizie figo.

Kuna jambo naliandika kwa uchungu. Ijumaa moja sikwenda. Nilizima simu, nikanywa maji ya baridi mpaka nikatosheka, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nianze mashine, maana sisi maji tunapimiwa, figo haziyatoi. Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ndilo pengo refu kuliko yote katika wiki yetu, na mimi nilikuwa nimelianza tangu Jumatano. Jumapili usiku nikilala sipumui, nikaketi nimeegemea ukuta hadi kukakucha. Wakati ule nilisema nimechoka na sindano. Leo najua nilikuwa nataka kufa bila kulitamka neno lenyewe.

Ndiyo maana nawaomba: mkimwona mgonjwa wenu anaruka mashine, au ghafla hajali tena maji na chakula, msianze kumgombeza. Kaa naye, muulize taratibu kama bado anatamani kuishi. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akikubali kwamba anawaza kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Aliyenifungua mdomo ni sista, muuguzi wa mashine. Jumatatu ile aliweka vidole juu ya fistula yangu, ile njia ya damu waliyoiunganisha mkononi (wala si fistula ya uzazi), akasikia mtetemo wake, akasema, "Mama, mkono uko sawa. Wewe je?" Nililia mpaka mashine ikalia na yeye ikabidi aipunguze kasi.

Daktari alinipa maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Yapo kwa Kiswahili, yaombe. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 wanakuangalia kwa undani. Nilipata 17. Walipima na wingi wa damu, kwa kuwa upungufu wa damu ni wa kawaida kwetu na unaangusha mtu vilevile. Kisha nikatumwa kwa daktari wa afya ya akili. Niliogopa. Ukitaja daktari wa akili kwetu, mtu anawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Kumbe ni chumba chenye viti viwili na mtu anayesikiliza bila kukukatiza. Dawa pia nilipewa, kwa kuanza na kipimo kidogo, na daktari wa figo akajulishwa kwa sababu dawa nyingi hutoka mwilini kupitia figo. Usijinunulie ya usingizi wala ya mawazo dukani. Na usikate tamaa wiki ya kwanza; mimi nilianza kuhisi nafuu baada ya mwezi na zaidi.

Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha karibu mgonjwa 1 kati ya 4 wa mashine ana sonona. Chumba chetu kina vitanda 8. Siku zote nilizojiona niko peke yangu, huenda mwenzangu alikuwa kitanda cha pili.

Chakula kinaumiza kuliko watu wanavyodhani. Mchaga kuambiwa apunguze ndizi na parachichi kwa ajili ya potasiamu, madini ambayo figo mbovu haziyatoi mwilini, ni msiba mdogo. Mtaalamu wa lishe alinifundisha kukata ndizi vipande vidogo, kuzichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, ndipo nizipike upya, sahani ndogo tu. Si mtori wa mama, lakini nakaa mezani na wenzangu. Na tafadhali, usimwambie mgonjwa wa mashine "umenenepa, hongera" kabla hujajua kama ni nyama au ni maji.

Siku hizi Jumanne na Alhamisi nashona, masaa mawili, cherehani nimeisogeza dirishani. Kitenge cha sare nilikikata kwa mikono inayotetemeka. Kwa hiyo ukija kumwona mgonjwa wako, pole ni nzuri, matunda huenda haruhusiwi kuyala. Kama ni fundi, mletee kitambaa, umwambie unakihitaji lini.