Viwavi wanaokufa darasani: anza na mmea, na uweke chandarua kando

Wiki hii mwalimu mmoja wa Kayole ameniandikia kwa uchungu. Viwavi 18 ambao darasa lake la Gredi ya 4 lilikuwa likiwafuga ndani ya boksi hadi wawe vipepeo wamekufa wote ndani ya siku mbili, wakijipindapinda na kutapika maji ya kijani, na watoto wakaanza kulaumiana nani aliwashika vibaya. Nilimuuliza swali moja tu: boksi mlilifunika kwa kitu gani? Akajibu, chandarua cha mbu.

Basi, jibu liko hapo. Vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haitoki kwa kufua mara moja au mbili. Kiwavi akipanda kwenye neti hiyo, kila mguu unagusa sumu. Nunua mita moja ya pazia jepesi la neti, hata la mtumba Gikomba, ulifue na kulisuuza mara tatu. Watoto hawana kosa, na nimemsihi awaambie hivyo waziwazi, maana mtoto akiamini ameua kiumbe hatarudi kukichungulia tena.

Kosa linalofuata kwa ukubwa ni kuwa na viwavi kabla ya chakula. Kipepeo wetu wa Nairobi, Danaus chrysippus, hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe, hasa Gomphocarpus, ule wa kando ya barabara wenye matunda kama vibofu vya kijani vilivyojaa hewa na vinyweleo. Kiwavi wake hali sukuma wiki, wala kabichi. Atakufa njaa akiwa juu ya jani. Panda mbegu kwenye mikebe miezi mitatu kabla ya somo, na uhesabu miche miwili iliyofika magotini kwa kila kiwavi. Viwavi kumi wanatosha darasa zima. Miche ya kununua kwenye vitalu iulizie kama imepuliziwa dawa. Muuzaji akisitasita, iache.

Ukilazimika kutumia matawi ya kukata, utomvu huganda pale ulipokata na kuziba njia ya maji, kwa hiyo kata upya kila asubuhi. Mdomo wa chupa uzibe kwa pamba, la sivyo viwavi watateremka na kuzama. Utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kuvimbisha jicho na kufanya macho yaone ukungu, basi anayekata awe mwalimu, na kila mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Hapa hakuna mjadala.

Mayai utayakuta chini ya majani, moja moja, meupe-manjano, madogo kuliko kichwa cha pini, yenye mistari ya wima. Yatenge na viwavi wakubwa kwa sababu huyala. Miguu ya meza iweke ndani ya mikebe yenye maji kuzuia sisimizi. Kinyesi kiondolewe kila siku. Kikilala na unyevu huota ukungu. Boksi la plastiki lililofunikwa kabisa hutoa jasho, na jasho huleta maradhi.

Bango la ukutani linaweza kukuchanganya pia. Mengi yanamwonyesha kipepeo wa Marekani, Danaus plexippus, ambaye kiwavi wake ana jozi mbili za vijipembe vyeusi. Wetu ana jozi tatu. Watoto wakihesabu sita wanadhani wamekosea, kumbe macho yao ni sahihi na bango linamhusu ndugu yake. Yule wa Marekani hufunga safari ya maelfu ya kilomita kutoka Kanada na Marekani hadi milima ya katikati ya Meksiko. Wafundisheni, ni habari ya ajabu. Ila wetu hafanyi safari hiyo, naye anapita juu ya ua wa shule kila siku! Walimu wenzangu, mtoto wa Nairobi asimjue wa mbali kwa jina na wa mlangoni kwake asimtambue.

Wakati wa kutazama kwa karibu kuliko wote ni siku kiwavi anaponing'inia kichwa chini, mwili umekunjwa kama herufi J. Vijipembe vikilegea na kujisokota kama uzi uliolowa, msitoke darasani. Ngozi hupasuka nyuma ya kichwa, na kwa dakika chache hukunjamana hadi juu huku pupa, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo, ikijinyonganyonga mpaka inaidondosha. Ikianguka kabla ya kukauka hupasuka, kwa hiyo boksi lisisogezwe siku hiyo. Iliyokwisha kukauka ikianguka, funga uzi kwenye kikonyo chake cheusi na uitundike, chini yake pawe na nafasi ya kukunjua mabawa. Pupa yenye madoa meusi, ikitoa mabuu meupe, imeingiliwa na nzi; hilo nalo ni somo.

Kipepeo akitoka, hudondosha maji mekundu. Si damu. Mpeni saa mbili au tatu mabawa yakauke, kisha mwachieni jua likiwa limechomoza vizuri. Kwa baridi ya Julai kila hatua huchelewa, msidhani amekufa.

Kabla ya kumwachia, hesabuni madoa meusi katikati ya bawa la nyuma: dume ana manne, jike matatu. Msishangae wakitoka majike watupu. Huku Nairobi majike wengi hubeba bakteria aitwaye Spiroplasma, anayerithiwa kwa mama na kuua madume wakiwa bado ndani ya yai. Ndiyo maana nusu ya mayai ya jike mmoja huweza kukataa kuanguliwa hata kama mmefanya kila kitu sawa. Andikeni ubaoni idadi ya mayai, ya walioanguliwa, ya majike na ya madume, na muhula ujao muandike tena pembeni yake.