Muulize Fundi: Pikapu ya umeme isiyo na redio wala rangi

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa Wete, Pemba. Nina Suzuki Carry ya petroli, kuukuu, nachukulia saruji, mchele na vitu vya duka kutoka gatini Mkoani, na msimu wa karafuu hukodiwa kubeba magunia. Mwanangu yuko Marekani. Kaniletea picha za pikapu ya umeme inayoitwa Slate. Anasema haina redio, vioo vyake unazungusha kwa mkono, hata rangi haikupakwa, na ndiyo maana ikawa rahisi. Nimeipenda kwelikweli. Anataka kuniwekea jina kwenye foleni kwa dola 50, akisema pesa hizo zinarudi ukighairi. Wenzangu barazani wanasema nimerogwa. Nishauri.
Mzee wa Wete

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, mzee wangu, na shikamoo. Hukurogwa. Habari za gari hiyo nazifuatilia toka ilipotangazwa Aprili 2025, na kila nikizisoma nawafikiria watu wa visiwani kabla ya hao Wamarekani waliotengenezewa. Lakini mwambie kijana asitume hizo dola 50 mpaka unisikilize.

Nianze na kilichokupendeza, maana na mimi kimenipendeza. Gereji yangu iko Mwanakwerekwe na kazi yangu ni umeme wa magari. Gari nyingi zinazoletwa kwangu injini zao ni nzima. Kilichokufa ni mota ya kioo, swichi ya mlangoni, skrini ya kwenye dashibodi, au kikompyuta kimoja kilichoingiwa na hewa ya chumvi. Gari inatoka Japani safi, inakaa Nungwi au Jambiani miaka miwili, kioo cha dereva hakipandi tena. Mwenyewe anapita na mvua ya masika inamwagika ndani huku tukitafuta spea. Kioo cha kuzungusha kwa mkono kikigoma nafungua mlango, natia grisi, naweka jino jipya, na anaondoka kabla ya adhuhuri. Gari ambayo simu yako ndiyo redio yake na ndiyo skrini yake imeniondolea nusu ya magonjwa ninayoyajua. Na redio ukiitaka, mimi nitakufungia unayoipenda wewe.

Jambo la pili ni hilo la rangi. Paneli zake za nje ni za plastiki ya kijivu, na rangi imo ndani ya plastiki yenyewe. Huku kwetu bati la pikapu linaliwa kuanzia chini ya mlango na pembezoni mwa bodi, hasa kwa wabeba samaki, maana maji ya barafu yenye chumvi yanadondoka kutwa. Nimeziona pikapu ambazo injini yake ingeenda miaka kumi mingine, lakini ukiweka mguu ndani unaiona barabara. Plastiki haishiki kutu. Ila usidanganyike ukadhani gari nzima ni plastiki. Chini yake kuna chuma kama gari yoyote, na chuma hicho kinataka kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kupakwa oili chafu vilevile. Nasema hivi kwa sababu najua mtu akiambiwa gari haishiki kutu, ndoo ya maji haiguswi tena.

Sasa mzigo. Gari hiyo imepangiwa kubeba kama kilo 650, na uzito huo unahesabu watu pia. Ukikaa wewe na utingo wako, mmekula kilo 140 hivi. Zinabaki 510, yaani mifuko kumi ya saruji ya kilo 50. Najua utanijibu kwamba Carry yako inabeba ishirini. Inabeba, mzee wangu, lakini hizo pikapu ndogo za Kijapani zimepimwa kubeba kilo 350 tu, na springi zako zinalijua hilo kuliko wewe. Kwenye gari ya umeme kuzidisha mzigo kuna adhabu yake nyingine: betri inashuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo kwa saruji hiyo si gari yako. Kwa karafuu kavu, mkate, samaki na vitu vya duka ingekufaa.

Tuingie kwenye safari, maana hapa ndipo kisiwa kinapotupendelea. Betri yake ya kawaida ni ya uniti 52.7, uniti zilezile unazonunua za umeme wa nyumbani, na kampuni imesema itakwenda kama kilomita 240. Mmarekani akisikia 240 anaguna, kwake mji na mji ni mbali. Pemba nzima, kutoka kusini hadi kaskazini, haifiki kilomita 70. Mkoani hadi Wete kwa kupitia Chake ni kama 60, kwenda na kurudi 120. Hata ukiitoa hesabu ya kiwandani thuluthi moja kwa ajili ya mzigo, joto na vilima vyenu, unabaki na 160. Unafika nyumbani na akiba. Na vilima vyenyewe vina fadhila yake: ukitelemka, mota inageuka kuwa dinamo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri, na breki zinapumzika. Vitambaa vya breki vinavyoisha haraka katika barabara zenu vingekaa muda mrefu zaidi.

Gharama yake utaihesabu mwenyewe. Uniti 52.7 kwa kilomita 240 ni kama uniti 22 kwa kila kilomita 100. Safari yako ya 120, kwa hesabu hiyo ya kiwandani, inakula 26 au 27; ukiwa na mzigo zitazidi. Ongeza tatu kwa umeme unaopotea wakati wa kuchaji, sema uniti 30. Chukua risiti yako ya Tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, tazama uniti moja umeinunua kiasi gani, zidisha mara 30. Kisha andika pembeni petroli unayotia kwa safari hiyohiyo. Usisahau kuweka oili, plagi, klachi na belti upande wa petroli, maana upande wa pili hazipo. Nilimfanyia mtu hesabu hii juu ya karatasi ya fyuzi, akaikunja akaitia mfukoni bila ya kusema neno.

Lakini umeme wenyewe lazima ufike ndani ya gari, na hapa ndipo nawaomba watu wanisikie vizuri. Soketi ya kawaida ya nyumbani, ile tunayochomekea pasi, ukiiendesha salama itakupa kilowati mbili na nusu hivi. Betri tupu ya uniti 52 itataka saa zaidi ya 20. Wewe hutaijaza kutoka tupu kila siku. Uniti 30 ni saa 12, kutoka magharibi hadi asubuhi. Inawezekana. Ila pasi inatumika dakika 20, na gari inavuta usiku kucha. Nimeshazikuta soketi zilizoyeyuka na waya mwembamba uliobanduka ganda kwa ajili ya friza tu, sembuse gari. Na nyumba nyingi ninazoingia waya wa ardhini haupo, au upo ukutani lakini haukufika ardhini. Anayetaka gari ya umeme, ya kampuni yoyote, aanze na fundi wa nyumba: laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya mnene, na fimbo ya shaba iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu. Ukifungiwa laini ya ampea 32 unapata kilowati saba, na zile uniti 30 zinaingia kwa saa nne na nusu.

Utaniuliza, na umeme ukikatika je? Mimi nilikuwa mwanafunzi wa fundi hapa Unguja Disemba 2009, waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulipotufia. Tulikaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Tulilehemu kwa jenereta, tukilipia mafuta kwa kila nati. Kitu ambacho watu wanasahau ni kwamba hata pampu za kituo cha petroli zilihitaji jenereta zilizonywa mafuta yaleyale. Tangu hapo Unguja imepata waya mpya wa megawati 100, mwaka 2013, na nyinyi Pemba mnapata umeme kwa waya kutoka Tanga tangu 2010. Hali si ile. Lakini bado tunaishi kwa waya uliolala chini ya bahari, na mtu anayetegemea gari moja kwa riziki lazima aliweke hilo moyoni. Mwenye paneli za jua juu ya ghala lake angekuwa na usingizi mzuri zaidi.

Haya, kwa nini basi nakuzuia? Kwanza usukani. Gari hiyo usukani wake uko kushoto, maana Marekani wanaendesha upande wa kulia. Wewe na njia zenu za kona, nyuma ya lori la mchanga, utachungulia vipi upite? Utingo ndiye atakuwa macho yako, na hilo silikubali kwa mzee wangu. Pili bei. Ile bei ya chini ya dola 20,000 iliyotangazwa mwanzo ilikuwa baada ya kutoa nafuu ya kodi ya dola 7,500 ambayo serikali yao ilikuwa ikiwapa wanunuzi. Nafuu hiyo ilikoma 30 Septemba 2025, na kampuni ilishasogeza makadirio yake hadi karibu dola 25,000. Weka juu yake meli na ushuru. Kwa pesa hiyo unanunua Carry ngapi? Tatu ni spea. Nina gari ya mteja, ya mseto wa petroli na umeme, imekaa chini ya mwembe wangu muda mrefu. Betri yake kubwa ilikufa, aliyeiuza hakupokea simu tena, na mpaka leo mwenyewe anapita Ijumaa kuitazama. Sitaki nikuone hivyo na gari ambayo huku hakuna hata moja mfano wake.

Nikushauri hivi. Ulichokipenda ni gari nyepesi, tupu, ya umeme, ya kazi. Wajapani walishaitengeneza, na usukani uko upande wetu. Mitsubishi walitoa pikapu ndogo ya Minicab-MiEV mwaka 2013, betri ya uniti 10.5, kilomita 110 ilipokuwa mpya, kilo 350 za mzigo. Kwa safari yako ya Mkoani ni fupi mno, nakwambia wazi, tena betri ya gari ya miaka kumi na zaidi imeshapungua. Kwa mtu wa kugawa mikate Chake au kubeba samaki kutoka diko hadi sokoni inaweza kutosha, mradi asilipe senti mpaka aione ripoti ya kipimo cha betri iliyofanywa Japani. Wewe baki na Carry yako mwaka huu. Chukua daftari, andika kila safari: kilomita, kilo, petroli. Ukimaliza msimu wa karafuu nitumie. Nitakuhesabia ukubwa wa betri unaoutaka hasa, na tutajua tutafute nini.

SWALI: Fundi, sisi wakulima wa mwani Paje tumeambiwa tununue guta la umeme la magurudumu matatu badala ya kukodi pikapu. Mwani mbichi ni mzito na unadondosha maji ya bahari. Litadumu?
Mama wa Paje

JIBU: Shikamoo mama. Guta ni wazo zuri kwa njia fupi kutoka pwani hadi uwanja wa kuanikia, na kama betri yake inatoka, mnaweza kuibeba ndani kuichaji. Adui yenu ni hayo maji. Kabla ya kununua, piga magoti utazame betri na kile kisanduku cha kuongoza mota vimefungwa wapi. Vikiwa chini ya sakafu ya mzigo, likatae, au mwambie muuzaji avihamishe chini ya kiti cha dereva kwa gharama yake. Kisha tandikeni turubai nene lenye mdomo wa kumwagia maji nyuma, mbali na mota ya gurudumu. Kila jioni mwagieni maji ya kisima, si kwa mpira wa presha, kwa kata tu, na viungio vya waya mvipake grisi. Mkilipata, nileteeni hapa Mwanakwerekwe siku mnayokuja mjini, niwafungie vile viungio upya bila malipo kabla hamjaliingiza pwani.