Maswali na Majibu: Maji Kwanza, Brashi Baadaye

Barua nyingi safari hii zimehusu uoshaji wa mabasi na malori. Nimechagua zile zinazogusa rangi, maana huko ndiko fedha za wenye magari zinakopotelea.

Fundi, habari za kazi. Basi langu lilipigwa rangi nyeusi mwaka jana. Sasa likisimama juani naona michirizi ya duara bodi nzima. Vijana wanaoshea brashi ya kudekia. Ninunue brashi gani? (Mwenye basi, Singida)

Nzuri, ndugu yangu. Brashi ya kudekia ni ya sakafu ya saruji. Ndani ya basi, kwenye ngazi na njia ya katikati, itumie upendavyo. Nje isiguse kabisa.

Tafuta brashi pana ya kuoshea magari, yenye nywele laini ambazo ncha zake zimechanwachanwa hadi zikafumuka. Ncha za namna hiyo hubeba maji na povu. Zile zilizokatwa butu hukwaruza. Ukiwa dukani usiiamini karatasi iliyobandikwa: isugue ndani ya kiwiko chako, na ikikuchoma irudishe. Angalia pia ukingo wa kichwa chake, uwe umezungushiwa raba. Ile mikwaruzo mirefu iliyonyooka unayoiona chini ya madirisha mara nyingi hailetwi na nywele, bali na plastiki ya kichwa inayogonga bodi kijana anapojinyoosha kufika juu. Kwa hiyo mpini uwe wa kurefuka, asipande juu ya tairi. Ukipata unaopitisha maji ndani yake hadi kwenye nywele, chukua huo, kwa sababu mchanga unasombwa huku kazi ikiendelea.

Ila brashi nzuri peke yake haikuokoi. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi yoyote. Lile tabaka la juu linalong'aa, klia, kwa kawaida lina unene wa maikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya unywele wa kichwani. Ukisugua vumbi kavu juu yake, hata kwa kitambaa cha hariri, umepiga msasa. Kwa hiyo anza na maji mengi, kutoka paani kushuka chini. Kisha povu, uliache dakika chache bila kukauka. Ndipo brashi ipite kwa mistari iliyonyooka, bila kuikandamiza na bila kuzungusha. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu ya kusuuzia brashi kabla haijarudi kwenye sabuni. Ikidondoka chini, isuuzwe upya. Na ya kwenye rimu iwe nyingine kabisa, ipake rangi mpini ili isichanganywe.

Nimeona wenye mabasi wakimfokea utingo kwa mikwaruzo, ilhali walimpa ndoo moja, maji nusu na fagio. Umelipa mamilioni kwa mpiga rangi, halafu unabania bei ya brashi? Hapo kosa si la kijana.

Sabuni ya unga ya kufulia inafaa? (Wengi)

Hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi: inaondoa nta yote, na chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Nunua shampuu ya magari.

Nimenunua mashine ya presha. Bado kuna haja ya kushika brashi? (Kahama)

Ipo. Presha inaondoa tope na mchanga, ila ule utando wa moshi wa dizeli na vumbi laini unabaki. Gari likikauka pitisha kidole, utauona. Presha ni hatua ya kwanza, inayoifanya brashi iwe salama.

Jambo ambalo hukuliuliza ni nozeli, kile kichwa cha kutolea maji. Nyingi huja kwa rangi, na digrii ni upana wa maji yanavyotawanyika: nyekundu ni digrii 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40. Nyekundu ifungie kabatini, inaweza kuchimba rangi na kuchana ngozi ya mtu hadi nyama. Njano ipeleke kwenye chasisi. Bodi ioshwe kwa nyeupe, au kijani palipo na tope zito, na usisogee karibu kuliko sentimita 30. Stika usizipige kutoka pembeni, zitabanduka. Ogopa pia mapezi ya redieta, viungio vya nyaya na mbavu za tairi. Tairi lililopigwa presha kwa karibu linaweza kuumia ndani bila kuonyesha dalili, na basi hilo hilo kesho linabeba abiria.

Vipande vya fulana za mitumba si laini vya kutosha? (Morogoro)

Fulana ni laini, lakini ni bapa. Mchanga ukinaswa chini yake hauna pa kujificha, unaburuzwa mlango mzima. Maikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, yenye manyoya marefu huupokea ndani, mbali na rangi. Kata lebo iliyoshonwa pembeni, hiyo nayo inakwaruza. Ifue peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, maana inaziba nyuzi. Fulana ibaki kwa kufutia oili.

Wadudu waliokauka mbele ya lori, naweza kutumia stiliwaya? (Dereva, njia ya Tunduma)

Usithubutu, kaka. Laza taulo lililolowa maji ya sabuni juu yao kwa dakika kumi, kisha futa.

Nasikia brashi bora zimetengenezwa kwa nywele za nguruwe. Sisi Waislamu tufanyeje? (Tanga)

Ni kweli zipo, na muuzaji ana wajibu wa kukwambia. Huzihitaji. Za nywele za plastiki zilizochanwa ncha zinafanya kazi hiyo hiyo na hazivundi upesi kwa unyevu.

Turubai la lori lioshwe na nini?

Brashi ngumu na sabuni ya kawaida. Likauke kabisa kabla ya kukunjwa.

Hatuna maji ya bomba, tunaosha malori mtoni. Maji yanayotiririka si bora kuliko ya ndoo? (Hakutaja alipo)

Si bora kwa rangi, wala kwa watu. Maji ya mto uliotibuliwa na tairi yamejaa mchanga ule ule tunaoukimbia. Na oili na dizeli zinazotoka chini ya lori zinakwenda kwa mama anayechota ndoo yake mbele yenu. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chukueni tangi la plastiki na pampu ndogo, osheeni mbali.

Mikwaruzo iliyokwishaingia inatoka kwa polishi? (Mwanza)

Osha na ukaushe sehemu hiyo, kisha pitisha ukucha taratibu kuvuka mkwaruzo. Usiponasa, polishi itautoa. Ukinasa, umeingia ndani mno, hapo ni kazi ya mpiga rangi, na anayekuahidi kuumaliza kwa mashine atakumalizia klia. Kila polishi inakwangua tabaka hilo kidogo, kwa hiyo wale wanaopiga kila mwezi ili basi ling'ae stendi wanajitafutia rangi mpya mapema. Kabla hujakubali, mtake fundi apime unene wa rangi kwa kipimo, hasa kwenye kona na mapindo ya bodi, kwani huko ndiko huisha kwanza. Kama hana kipimo, tafuta fundi mwingine.