Shemeji kalewa kapanda reli ya balkoni: faini tu au atashushwa?

Mkuu pole, ila usitegemee faini. Umesema shemeji yako alilewa akapanda reli ya balkoni apige selfi, sekyuriti wakamchukua maelezo, na kesho meli yenu ya kitalii inatia nanga Nassau, Bahamas. Kwenye meli nahodha ndo mwenye kauli, akiamua mtu ni hatari anamfungia kabini mlinzi mlangoni, mkifika bandarini anamshusha na mabegi yake, nauli ya kurudi Miami mlikotokea juu yenu na hela ya safari hairudi. Januari 2019 hapohapo Nassau kuna jamaa aliruka baharini toka deki ya 11 ya meli ya Symphony of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, mwenyewe akakiri pombe za jana zilikuwa bado kichwani, wakashushwa yeye na washkaji zake, kampuni ikampiga ban ya maisha.

Sasa hivi aache pombe kabisa, aende gesti sevisi (dawati la huduma kwa abiria) aombe radhi kistaarabu, asibishane na habari za "sikulewa" maana kamera zipo kila kona. Na paspoti yake iko wapi? Kama alipanda na cheti cha kuzaliwa tu, akishushwa Bahamas ndege hapandi kirahisi, itabidi ubalozi kwanza.