Muulize Babu: Bunduki ya upepo, kanga na pimbi wa mawe

*Shikamoo Babu. Nina shamba la mahindi na mihogo pembeni ya mawe, huku Misungwi. Nataka bunduki ya upepo, moja tu, ya njiwa, kanga, sungura na pimbi. Muuzaji ananishawishi nichukue yenye nguvu kuliko zote. Boksi limeandikwa futi 1,200 kwa sekunde. Hizi laki nimezichanga kwa shida, sitaki kujuta. – Mkulima, Misungwi*

Marahaba, mwanangu. Laki zako zibaki mfukoni kwanza. Nenda polisi uulize taratibu za kumiliki silaha ya namna hiyo, kisha ofisi ya wanyamapori uulize kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali, hata kama mnyama kaingia karibu na mlango wako. Nimekuwa askari wa wanyamapori miaka 22, na nimewaona vijana wema wakiharibikiwa kwa sababu ya kanga mmoja.

Sasa bunduki yenyewe. Ile namba ya kwenye boksi isikupumbaze. Mara nyingi hupimwa kwa kijirisasi chepesi mno, ambacho wewe hutakitumia. Futi 1,200 ni kama mita 366, na sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kijirisasi kikiukaribia au kuupita mwendo wa sauti huanza kuyumba njiani, na ukilenga kichwa unapiga bawa. Mimi napenda kinachotoka kwa mita 200 hadi 250. Kinatulia.

Cha kuangalia zaidi ni kipenyo cha mtutu. Kile cha milimita 4.5, ambacho maboksi huandika .177, hurusha kijirisasi cha nusu gramu hivi. Kinaenda karibu kunyooka, kwa hiyo ukikosea kidogo kukadiria umbali hakikuadhibu sana. Ni kizuri kwa njiwa na kwa panya wa ghalani. Cha milimita 5.5, yaani .22, hurusha karibu gramu moja. Kinashuka haraka zaidi, lakini kikifika kinatua kwa uzito. Cha 6.35 kinataka nguvu kubwa nyuma yake. Ukikiweka kwenye bunduki ya springi ya kawaida kinakwenda kama jiwe la kutupwa kwa mkono. Kwa mtu wa bunduki moja, chukua 5.5 yenye nguvu ya jouli 16 hadi 25 (jouli ni kipimo cha nguvu ambayo kijirisasi hutoka nayo mtutuni), na vijirisasi vyenye kichwa cha mviringo. Vile vyenye ncha kali vinavutia macho, ila sijaviona vikilenga vizuri kuliko vya mviringo.

Chukua ya springi, ile unayokunja mtutu ndipo ufyatue. Ziko za mtungi wa hewa, hazirudi nyuma zikifyatuliwa na zinalenga vizuri sana, lakini mtungi unataka hewa iliyoshindiliwa hadi kama bar 200, bar ikiwa kipimo cha mgandamizo. Kuijaza kwa pampu ya mkono ni jasho la kweli, na hewa yetu ya ziwani ina unyevu unaoweza kuingia ndani pamoja nayo. Ya springi uishike kwa ulaini, usiibane begani. Inaruka nyuma kisha mbele, ukiibana inatupa risasi pembeni. Mruko huo huo ndio unaovunja darubini za kawaida, kwa hiyo ukinunua darubini uliza iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya springi. Usiifyatue ikiwa tupu. Wala usiimiminie mafuta kwenye silinda, yatawaka kwa mgandamizo na kuipasua mipira ya ndani.

Kabla hujamlenga kiumbe yeyote, weka kifuniko cha soda mbele ya kichuguu. Kaa kama utakavyokaa porini, piga mara tano kwa hatua 15. Zikiingia zote, rudi nyuma hatua tano, piga tena tano. Pale utakapokosa hata moja, umbali wako umeishia kabla ya hapo. Kwa wengi ni mita 25 hivi. Njiwa piga kichwa au kifua akiwa ametulia tawini. Kanga na sungura ni kichwa tu. Manyoya ya kanga ni mazito na mwili wake mgumu. Nyama iliyo karibu na jeraha ikate uitupe, maana kijirisasi ni madini ya risasi, na ni sumu.

Pimbi, mwanangu, mwache. Hapa nakuomba. Nilikuwa kijana, kabla sijavaa sare, nikampiga mmoja kwenye mawe ya Bwiru kwa hatua kama 40. Nilimpata tumboni. Akateleza akaingia ufani. Nililala kifudifudi nikaingiza mkono mpaka begani, nikagusa manyoya tu. Kesho yake nilirudi, bado alikuwa analia mle ndani. Siku ya tatu kukawa kimya. Pimbi ana kilo tatu hadi nne, ana mfupa mgumu, na siku zote anakaa hatua mbili kutoka shimoni kwake. Bunduki ya upepo haimlazi pale pale. Tena nyuma yake ni jiwe tupu, na kijirisasi kikigonga jiwe hakichagui kinarudi kwa nani. Kama anamaliza mihogo yako, ziba mianya ya mawe yaliyo karibu na shamba na ufyeke vichaka anavyojifichia.

*Shikamoo Babu. Mjomba wake alimletea mwanangu wa miaka 13 bunduki ya upepo. Sasa anashinda mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akipiga ndege kama yangeyange na mnandi. Wanaume wanasema ndivyo mtoto anavyojifunza. Moyo wangu hautulii. – Mama, Ukerewe*

Marahaba, mama. Moyo wako unakuambia kweli. Ichukue leo, uifungie, vijirisasi uvifiche mahali pengine. Kijirisasi kikipiga maji kwa ubavu huruka kama kijiwe cha watoto, na mwaloni kuna watu wanaovuta nyavu na akina mama wanaoanika dagaa. Jicho la mtu halina spea. Na hao ndege hawapigi kwa ajili ya sufuria, anawaua tu.

Usimkaripie mbele ya wenzake. Mwite mjomba aliyeileta, amfundishe kulenga makopo yaliyowekwa mbele ya ukuta wa udongo, na asimwache peke yake. Mtoto asishike vijirisasi mdomoni wakati anajaza, wengi wana tabia hiyo, na anawe mikono kabla ya kula.

*Babu, kwelea wameshuka kwenye mpunga. Bunduki ya upepo ya kipenyo gani itanifaa? – Magu*

Hakuna. Kijirisasi kimoja kwa ndege mmoja, na wao ni maelfu. Jioni fuata wanakoelekea, ujue wanalala kwenye matete au miiba ya wapi, kisha kesho asubuhi mpelekee habari ofisa ugani ili wizara ilete wanyunyizaji. Wakishapuliziwa dawa, usiokote hata mmoja kwa kitoweo, na watoto uwakataze.