Usichomoe Kebo, Iulize Swichi

Msomaji ameuliza: printa ina IP 192.168.10.45, kebo kwenye kabati zimesukana kama nywele na hazina lebo, ataijuaje poti yake? Wengi hapo huanza kuchomoa moja moja hadi mtu apige kelele. Tuache mchezo huo. Swichi, yaani kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, inaandika kila MAC (anwani ya kadi ya mtandao ya kifaa) imeingilia poti ipi.

Ila swichi ya kawaida haifuatilii IP, kwa hiyo anzia kwenye ruta ya mtandao huo. Piga ping kwanza, yaani itume ujumbe mfupi wa kuuliza kama printa ipo. Hata printa isipoijibu, ARP, utaratibu wa kutafuta MAC ya IP fulani, huwa imeshapata MAC yake. Kwenye Cisco:

show ip arp 192.168.10.45

Tuseme umepata 0011.2233.4455. Nenda kwenye swichi:

show mac address-table address 0011.2233.4455

Kwa MikroTik ni /interface bridge host print. Ukiona patupu, usilaumu swichi. Cisco, kama haijabadilishwa, hufuta MAC iliyokaa kimya sekunde 300, na printa iliyolala haisemi kitu. Acha ping iendelee huku unatafuta.

Jibu likija na jina la poti, tuseme Gi1/0/48, usishangilie bado. Hapa ndipo watu hupotea:

show mac address-table interface Gi1/0/48

MAC zikiwa lukuki, hiyo ni poti inayokwenda swichi nyingine. Andika show cdp neighbors Gi1/0/48 detail (CDP ni njia ya vifaa vya Cisco kujitambulisha kwa jirani) upate jina la jirani, na mara nyingi IP yake. Ingia huko urudie. Jirani si Cisco? Jaribu show lldp neighbors, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo kwa vifaa vya kampuni mbalimbali, lakini kwenye swichi nyingi za Cisco LLDP imezimwa mpaka uandike lldp run, na jirani naye awe ameiwasha. Ukiona Po1 (kundi la poti zinazofanya kazi kama moja) badala ya poti, show etherchannel summary itakutajia poti zilizofungwa pamoja.

MAC mbili tatu kwa kawaida ni simu ya mezani yenye kompyuta nyuma yake. Zikiwa nyingi na jirani hajitaji, shuku kiswichi cha bei rahisi chini ya meza ya mtu. Hapo fuata kebo kwa macho. Kifaa cha Wi-Fi kitaishia poti ya access point (kifaa kinachorusha Wi-Fi), basi.

Ukiipata, iandike papo hapo, usijidanganye kwamba utakumbuka: ingia kwenye poti, andika description Printa-Uhasibu, kisha toka na write memory. Bila hiyo ya mwisho, umeme ukikatika maelezo yote yamekwenda.