Selosia za kukata: usizeeshe miche kwenye trei

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema miche yako ya selosia, hili ua la kukata na kuuza kwa shada, ina wiki nane kwenye trei ya vishimo 128, mingine imeshatoa "vichwa vidogo vizuri", na unataka kuiacha wiki mbili zaidi ishibe ndipo uihamishie shambani. Hivyo vichwa unavyovifurahia ni mche unaandika wosia.

Selosia si nyanya. Mche wa nyanya ukichelewa unaufukia shina, unatoa mizizi mipya, maisha yanaendelea. Selosia haina huruma hiyo. Mizizi ikishajaa kishimo na kuanza kujizungusha, au trei ikikauka mchana mmoja wa jua kali, au mche ukishinda na njaa, mmea unaamua umefika mwisho wake na kukimbilia kutoa mbegu. Ncha ya kukulia inageuka ua. Ikishageuka, shina kuu halina tena pa kurefukia, hata ukilipandikiza kwenye tuta la samadi tupu. Unaishia na ua la sentimita 15 lenye kichwa cha ukubwa wa ukucha, wakati muuza maua anataka shina la sentimita 45 hadi 60. Kibaya zaidi, selosia huharakisha maua mchana unapokuwa mfupi, kwa hiyo ukichelewesha miche msimu huo unajimaliza mara mbili.

Na wanaopotosha watu wapo. Kuna hawa wa video wanaosema "subiri mche uwe na nguvu" bila kutaja wiki wala idadi ya majani. Kuna wauza miche wanaoitoa ikiwa tayari ina maua kwa sababu mnunuzi anapenda kuona rangi. Kwa chungu cha barazani, sawa. Kwa maua ya kukata, umeuziwa mmea uliostaafu. Pakiti za mbegu nazo zinaandika urefu wa sentimita 90 kwa maandishi makubwa, na neno "trei" huliona popote.

Sasa fanya hivi. Leo jioni mwagilia trei, kisha sukuma mche mmoja kutoka chini ya kishimo. Udongo ukitoka umeshikana na mizizi myeupe inaonekana pembeni bila kujikunja, una bahati, panda kesho. Ukiona chini pete ya mizizi imezunguka na imegeuka kahawia, umechelewa. Kwa wiki nane kwenye vishimo 128, naiona hiyo pete kutoka hapa nilipo.

Kama aina yako ni ya manyoya au ya masuke, zile zinazotoa matawi, kuna cha kuokoa. Kata hicho kichwa chote, acha vifundo vitatu au vinne vyenye majani, legeza mizizi ya chini kidogo tu (selosia inachukia kupapaswa mizizi), panda siku hiyo hiyo na umwagilie. Matawi ya pembeni yatatoka. Yatakuwa mafupi kuliko ya mche uliowahi, lakini yatafunga shada. Kama ni ile ya upanga wa jogoo inayobeba kichwa kimoja, usihangaike nayo. Mwaga, osha trei, sia upya. Najua inauma, mbegu ulinunua, lakini tuta litakalokaliwa miezi miwili na vibete linauma zaidi.

Ukisia upya, anza na shamba. Tuta likiwa bado halijalimwa, mbegu zibaki kwenye pakiti. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku tuta litakapokuwa tayari: wiki tatu hadi nne kwa vishimo 128, nne hadi tano kwa vishimo 72. Mche uondoke ukiwa na majani halisi manne hadi sita na haujaonyesha dalili yoyote ya ua. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo ziweke juu na uzifunike kiasi cha kuficha weusi wake tu. Joto liwe nyuzi 21 hadi 24, zitaota ndani ya wiki moja hadi mbili. Baada ya hapo trei isikauke hata siku moja. Na badala ya kusia zote pamoja kisha miche isubiri nafasi, sia kidogo kidogo kila wiki mbili au tatu.

Uliuliza pia nafasi kati ya mche na mche: upanga wa jogoo usiokatwa kilele, sentimita 15. Zinazotoa matawi, 25 hadi 30, na kilele ukikate mmea ukifika sentimita 15 hadi 20. Hicho ni kilele cha majani, ukiwa umewahi, usije ukaniambia tayari umeshakata.

Kuvuna: pitisha kiganja kwenye kitako cha kichwa. Zikidondoka punje nyeusi zinazong'aa, umechelewa na huko pia. Ondoa majani yote kwenye shina kabla ya kufunga, maana yananyauka siku nyingi kabla ya ua.

Uliuliza pia mbolea na jinsi ya kupata wanunuzi. Tutafika huko. Kwanza sukuma huo mche, piga picha ya mizizi uilete hapa, na useme ni aina ipi.